Kufunga kwa saa ili kupunguza uzito: anza na chakula cha jioni

Wengi wanaojaribu kupunguza uzito kwa kufunga huanza kwa kuacha chai ya asubuhi. Wanavumilia hadi saa saba mchana, njaa inawafikisha kwenye kibanda cha chipsi, kisha saa tatu usiku wanakula ugali kama kawaida. Mwezi unaisha na mizani haijasonga. Tatizo liko jioni. Katika nyumba nyingi za huku, kuanzia Nakuru hadi Busia, sahani kubwa kuliko zote za siku huliwa saa mbili au saa tatu usiku, baada ya taarifa ya habari, na kinachofuata ni kitanda. Ukitaka kufunga kukufae, ilete sahani hiyo mapema, saa moja jioni, na uipunguze. Chai ya asubuhi utaishughulikia baadaye.

Kufunga kwenyewe

Kufunga kwa vipindi ni kugawa siku mara mbili: saa za kula, na saa za kutotia mdomoni chochote chenye kalori. Maji yanaruhusiwa wakati wote, na hapo ndipo kunapotofautiana na saumu ya Ramadhani. Mtindo wa saa 12 ni kula ndani ya saa 12 na kufunga 12. Wa saa 14 unakuachia saa 10 za kula, na wa saa 16 unakuachia saa 8. Upo pia mtindo wa siku mbili kwa wiki, ambapo katika siku hizo mwanamke anakula takriban kalori 500 na mwanamume 600, na upo wa kula leo na kufunga kesho. Hiyo miwili tunaiacha kando. Mtu anayebeba mawe kwenye mjengo au kulima shamba kwa jembe hawezi kusimama na kalori 500, na nyumba inayopika sufuria moja haitamtengea mtu mmoja hesabu yake kila wiki.

Ukila, kongosho hutoa insulini, sukari inaingia kwenye seli, na akiba yake inawekwa kwenye ini, takriban gramu 100. Usiku mwili unaila akiba hiyo. Kadiri saa zinavyosonga bila chakula, ndivyo unavyozidi kugeukia mafuta. Hilo ni kweli, lakini lisikudanganye: mafuta yaliyochomwa usiku hurudishwa mchana ukila kupita kiasi. Uzito hushuka pale tu ambapo jumla ya chakula cha siku imepungua. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa Uchina uliowafuata watu 139 wenye unene wa kupindukia kwa miezi 12. Wote walipunguza kalori, na nusu yao wakaongezewa sharti la kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Waliofuata saa walipungua kilo 8 kwa wastani, wenzao kilo 6.3, na tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba saa zenyewe zina nguvu ya pekee.

Kwa hiyo faida ya saa ni kwamba zinarahisisha kula kidogo. Badala ya kujihesabia kila tonge, unafunga mlango wa jikoni saa moja jioni na hesabu kubwa imekwisha. Ukibanwa na wanaohubiri kwamba saa 16 husafisha seli na kuponya kila ugonjwa, jua kwamba Yoshinori Ohsumi wa Japani, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kueleza jinsi seli zinavyojila na kujisafisha, alifanya kazi yake kubwa kwenye hamira. Kazi hiyo haimpi mtu wa Kondele, mtaa wa Kisumu, saa kamili ya kuanza kusafishwa.

Nani asifunge

Usiruke sehemu hii.

Mjamzito na anayenyonyesha wasifunge. Mtoto na kijana aliye chini ya miaka 18 asifunge. Anayetumia dawa za kifua kikuu ale kawaida mpaka amalize matibabu, kwa sababu ugonjwa huo humkondesha mtu na mwili wake unahitaji kujengwa. Aliyewahi kujinyima chakula au kujitapisha kwa hofu ya kunenepa asiguse njia hii kabisa. Mzee aliyeanza kudhoofika anahitaji nyama mwilini, si kupungua.

Ugonjwa wa selimundu (sickle cell), ule wa kurithi unaoharibu umbo la chembe nyekundu za damu, una watu wengi Nyanza na Magharibi kuliko sehemu nyingi nyingine za Kenya, kwa kuwa hii ni nchi ya malaria tangu zamani, na anayeurithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Mwenye ugonjwa huu asifunge. Kukaukiwa na maji ni mojawapo ya mambo yanayoamsha maumivu yake makali, na mfungo hurahisisha kukaukiwa.

Mwenye kisukari anayedunga insulini, au anayemeza glibenclamide au gliclazide, asianze peke yake. Dawa hizo hushusha sukari iwe umekula au hujala, na kumeza kidonge cha asubuhi kisha kukaa njaa hadi saa tano kunaweza kumwangusha mtu barabarani. Aende kwanza kliniki ya kisukari, dozi ipangwe upya, ndipo ajaribu. Anayetumia metformin peke yake ana hatari ndogo, ila ameze pamoja na chakula: kama ni mara mbili kwa siku, mlo wa kwanza na mlo wa mwisho. Kila mwenye kisukari anayefunga awe na mashine ya kupimia. Sukari ikisoma chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), mfungo umeisha hapo hapo: vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15, kisha kula. Ikipanda juu ya 16 vilevile acha kufunga na umtafute daktari.

Dawa za presha haziachwi kwa sababu ya kufunga. Meza kwa saa ulizoambiwa, na maji. Unachopaswa kujua ni kwamba baadhi, kama hydrochlorothiazide, hutoa maji mwilini kwa mkojo, na ukichanganya na mfungo na jua la Kisumu utasikia kizunguzungu ukisimama ghafla. Uzito ukishuka, presha nayo hushuka, na dozi uliyopewa ukiwa na kilo 95 huenda ikawa kali ukifika 85. Mwambie daktari akupime upya.

Kwa wanaotumia ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, saa ya dawa ndiyo bosi. Zipo zinazotaka chakula na zipo zisizotaka, kwa hivyo uliza kliniki yako kisha upange saa za kula kufuata dawa. Diclofenac na ibuprofen, ambazo watu humeza ovyo kwa maumivu ya mgongo, zisimezwe tumbo likiwa tupu, maana huchubua ukuta wa tumbo.

Ukishikwa na malaria, mfungo unasimama siku hiyo hiyo. Malaria yenyewe inaweza kushusha sukari mwilini, na vile vidonge vya artemether na lumefantrine vinavyomezwa siku tatu huingia vizuri mwilini vikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, hata kikombe cha maziwa. Anza tena kufunga ukiwa umepona na hamu ya kula imerudi.

Kabla ya siku ya kwanza

Pima vitu vitatu na uviandike.

Kwanza, uzito kwa urefu. Chukua kilo zako, gawa kwa urefu wako kwa mita, kisha gawa tena kwa urefu huo huo. Mwenye kilo 82 na urefu wa mita 1.65 anapata 30. Chini ya 18.5 umekonda na hupaswi kufunga. Kutoka 25 uzito umezidi, na kutoka 30 ni unene wa kupindukia. Mizani ya kando ya barabara inafaa, mradi urudi kwenye ile ile, kwa kuwa kila moja husoma kivyake. Pima mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya kula na baada ya kwenda choo. Anayejipima kila siku hutishwa na maji tu.

Pili, kiuno. Tumia futi ya fundi cherehani, ipitishe usawa wa kitovu, toa pumzi kawaida, usivute tumbo. Mwanamke akipita sentimita 80, na mwanamume 94, mafuta ya ndani ya tumbo yameanza kuwa hatari kwa moyo na sukari. Namba hii mara nyingi hushuka hata wiki ambazo kilo zimekwama.

Tatu, presha na sukari. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa tangu 2023 hupima nyumbani, na zahanati hupima pia. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, muone daktari kabla ya kuanza.

Wiki baada ya wiki

Wiki ya kwanza na ya pili, funga saa 12 tu: tonge la mwisho saa moja jioni, la kwanza saa moja asubuhi. Usibadilishe kitu kingine. Inaonekana rahisi, lakini kwa nyumba inayokula saa tatu usiku haya ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote, na ndiyo yanayoshinda wengi. Kinachohitajika ni moto kuwashwa mapema. Maharagwe au githeri ichemshwe asubuhi au siku iliyotangulia, mboga ichambuliwe mchana, jioni ibaki kukaanga na kusonga ugali. Kama unafika nyumbani saa mbili kwa sababu ya matatu na foleni, kula mlo wako mkubwa mchana kazini, ubebe kwenye kontena, na ukifika nyumbani ule kidogo: yai, mboga, kipande cha samaki. Saa yako ya mwisho iwe saa mbili, na mlo wa kwanza usogee hadi saa mbili asubuhi.

Wiki ya tatu na ya nne, sogeza mlo wa kwanza hadi saa tatu asubuhi. Hizo ni saa 14. Hapa ndipo chai inapoguswa. Unaruhusiwa maji, strungi (chai isiyo na maziwa) bila sukari, na kahawa nyeusi bila sukari. Chai ya maziwa inavunja mfungo. Asali inavunja, juisi inavunja, muwa unavunja, mursik (maziwa ya mgando) inavunja, na dawa ya tangawizi na ndimu iliyotiwa asali inavunja. Maji ya ndimu matupu hayadhuru, ila mwenye vidonda vya tumbo ayaepuke.

Hesabu ya chai inafaa kuangaliwa kwa makini. Kikombe kikubwa, nusu maziwa, vijiko vitatu vya sukari: sukari ni kalori 48, maziwa takriban 80. Jumla ni karibu 130. Vikombe vitatu kwa siku ni kama kalori 390, zaidi ya chapati moja, na hujaweka mandazi. Ukikata vikombe viwili kati ya vitatu na kupunguza sukari ya kilichobaki hadi kijiko kimoja, umeondoa karibu kalori 290 kwa siku bila kugusa sahani. Punguza sukari polepole, nusu kijiko kila siku tatu, na ulimi utazoea.

Wiki ya tano, ukijisikia vizuri, jaribu saa 16: saa moja jioni hadi saa tano asubuhi. Si lazima. Maoni yetu ni kwamba wengi wanaofanya kazi ya mikono wabaki kwenye 14, kwa sababu mtu anayeshinda na njaa hadi saa tano akiwa juu ya pikipiki hupoteza umakini, na jioni hulipiza. Saa 16 zinamfaa zaidi anayekaa ofisini.

Mkulima wa Bungoma anayeingia shambani saa kumi na mbili alfajiri wakati wa kupanda, Machi na Aprili, abaki kwenye saa 12 na ale vizuri saa moja au saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mlinzi wa usiku anatumia kanuni ile ile kwa kuigeuza: ale mlo mkubwa jioni kabla ya kuingia zamu, kitu kidogo katikati ya usiku kama kazi inamlazimu, kisha afunge kuanzia alfajiri na kulala hadi aamke mchana. Vivyo hivyo wavuvi wa omena (dagaa wa ziwani), wanaovua kwa taa usiku wa giza. Kwao, kinachoharibu ni kufika nyumbani asubuhi na kula mlo mkubwa kisha kulala hapo hapo.

Ndani ya sahani

Hapa ndipo mfungo unafaulu au unaanguka, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Unga wa mahindi una takriban kalori 360 kwa gramu 100. Pakiti ya kilo mbili ikiisha kwa siku mbili kwa watu watano, kila mmoja anakula gramu 200 za unga kwa siku, zaidi ya kalori 700, kabla ya mboga na mafuta. Anayepunguza uzito alenge nusu yake: ugali wa ukubwa wa ngumi yake kwenye mlo mmoja, na mlo mwingine ale kiazi kitamu, ndizi ya kuchemsha au githeri. Ugali wa wimbi na mtama una nyuzi nyingi zaidi kuliko wa unga mweupe uliokobolewa na hushibisha muda mrefu, lakini kalori zake hazina tofauti kubwa. Usile mlima kwa sababu ni mweusi.

Mafuta ya kupikia ndiyo yanayoponyoka macho. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120. Nusu lita ina zaidi ya 4,000. Anayemimina kutoka kwenye chupa hajui ametia ngapi. Weka kijiko kando ya jiko na upime: kijiko kikubwa kimoja kwa sufuria ya mboga ya watu watatu kinatosha.

Gawa sahani hivi: nusu mboga, robo ugali, robo kitoweo. Mboga za kienyeji zimejaa sokoni, iwe Kibuye au Wakulima Nakuru, na mtu hahitaji kununua saladi za bei: managu, saga, kunde, terere, mrenda. Mrenda na kunde zikipikwa na magadi, mwenye presha atie kidogo sana au aache, maana magadi yana sodiamu kama chumvi.

Kitoweo ndicho kinacholinda misuli. Mtu akipungua bila kula protini ya kutosha anapoteza nyama pamoja na mafuta, anakuwa mnyonge, na uzito ukirudi unarudi kama mafuta. Lenga takriban gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili unaoutaka. Anayelenga kilo 70 anahitaji kama gramu 84 kwa siku. Ukila milo miwili, hesabu inakuwa hivi: mlo wa kwanza mayai mawili (13), kikombe cha maharagwe yaliyopikwa (15) na kikombe cha maziwa bila sukari (8), jioni ngege (samaki tilapia) wa kadiri mwenye gramu 150 za nyama (karibu 38), na kinachobaki kinatoka kwenye ugali na mboga. Umefika bila kununua unga wa protini wa dukani.

Siku ambayo samaki ni ghali, omena hutosha, tena kwa bei ya chini. Gramu 50 za omena kavu, kiganja kilichojaa, zina protini ya gramu 25 au zaidi, na kalsiamu kwa kuwa unaila na mifupa. Shida ni kwamba wengi huzamisha omena kwenye mafuta ili kuua harufu. Fanya hivi: toa taka, loweka kwenye maji moto dakika tano, osha mara tatu ukiinua omena kwa mikono ili mchanga ubaki chini ya beseni, usiimwage pamoja na maji. Chuja. Weka kwenye sufuria kavu, moto wa wastani, koroga taratibu mpaka maji yakauke na omena ianze kutoa sauti ya kukatika, dakika nane hivi. Harufu kali hupungua hapo, kwa moto na si kwa mafuta. Kisha kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu, nyanya mbili, dania, na ndimu mwishoni. Chumvi onja kwanza.

Mlo wa kufungulia usiwe mandazi na chai tamu. Sukari na unga mweupe kwenye tumbo tupu hupandisha sukari ya damu haraka, insulini inafuata, na baada ya saa mbili njaa inarudi ikiwa kali kuliko mwanzo. Anza na protini na kitu chenye nyuzi: yai na kiazi kitamu, au nyoyo ya mahindi na maharagwe na parachichi robo. Kula polepole, dakika 20 kamili. Soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, vijiko saba au nane, na bia ya nusu lita ina karibu kalori 200. Pombe kwenye tumbo lililofunga hupanda upesi na hufungua hamu ya nyama choma saa nne usiku, ambayo haikuwa kwenye mpango wako.

Yanayoharibika, na sababu zake

Kichwa kuuma siku ya pili hadi ya nne. Mara nyingi ni maji machache, au ukosefu wa kafeini kwa aliyezoea vikombe vinne vya chai. Kunywa strungi kimoja asubuhi na maji glasi mbili. Kisumu iko chini, mita 1,100 na kitu juu ya bahari, na joto lake hutoa jasho hata ukikaa: lenga lita mbili na nusu hadi tatu kwa siku. Nakuru, karibu mita 1,850, ina baridi ya asubuhi na mtu hasikii kiu, hivyo hufika saa sita hajanywa kitu. Weka chupa mbele yako.

Kiungulia. Kahawa nyeusi kwenye tumbo tupu ndiyo mshukiwa wa kwanza, na mlo mzito ulioliwa dakika kumi kabla ya kulala ni wa pili. Acha kahawa kwanza. Mwenye vidonda vya tumbo vinavyouma arudi saa 12 au aache.

Choo kigumu. Chakula kimepungua, nyuzi na maji vimepungua nayo. Mboga nusu sahani, papai, maharagwe, maji.

Kutetemeka, jasho baridi, macho kuwa na giza. Hiyo si njaa ya kuvumilia. Kula sasa hivi, pima sukari, na usifunge tena mpaka umejua sababu.

Hedhi kuvurugika. Mwanamke ambaye siku zake zimepotea au kubadilika ghafla apunguze saa hadi 12 na aongeze chakula, na kama kuna uwezekano wa mimba apime kwanza.

Wiki ya kwanza ukapungua kilo mbili, ya pili robo kilo. Hakuna kilichoharibika. Akiba ya sukari kwenye ini na misuli hushika maji, na ikipungua maji hutoka. Mafuta hutoka taratibu: nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Anayepungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, wiki nyingi mfululizo, anajinyima, na kupungua kwa kasi hivyo huongeza hatari ya mawe kwenye kibofu cha nyongo.

Mizani kukwama baada ya miezi miwili au mitatu. Mwili mdogo unahitaji chakula kidogo, na mkono nao umerudi kuwa mwepesi bila wewe kuona. Kabla ya kuongeza saa, pima upya kwa siku tatu: mafuta kwa kijiko, unga kwa gramu, sukari ya chai, na karanga unazotafuna ukisubiri matatu. Jibu mara nyingi liko hapo. Ongeza pia kutembea nusu saa kwa siku.

Matanga, wageni na kanisa

Ijumaa na Jumamosi za huku ni za matanga, na chakula kinakuja saa tisa alasiri au saa tatu usiku, hujui. Kukataa sahani uliyoletewa na mama wa boma ni kumvunjia heshima, na hakuna mpango wa uzito unaostahili hilo. Kama unajua utakula usiku, chelewesha mlo wa kwanza siku hiyo hadi saa sita mchana, au funga saa 12 tu. Ukiletewa chai saa nne asubuhi katika nyumba ya mkwe, pokea kikombe, kunywa nusu, shukuru. Ukitaka kujiepusha, sema mapema kabla jiko halijawashwa: "Mama, leo nitaomba strungi isiyo na sukari, daktari amenipangia." Watu huheshimu neno la daktari. Nyama uliyoshindwa kumaliza iombe ufungiwe ubebe, hakuna atakayeudhika.

Ukivunja mfungo, endelea na ratiba ile ile kesho yake. Kujiadhibu kwa kufunga saa 24 ili kulipa deni huishia kwenye kula kupita kiasi siku ya tatu.

Wasabato, Walegio (waumini wa Legio Maria) na wengine wanaofunga kwa ibada, na Waislamu wa Mumias au Kendu Bay wakati wa Ramadhani, wasiongeze mfungo wa uzito juu ya ule wa dini. Subirini umalizike, kaeni wiki moja mkila kawaida, ndipo muanze.

Ukifika unakotaka

Usiache ghafla. Rudi saa 12, mlo wa jioni ubaki saa moja, na ongeza nusu ngumi ya ugali au kiazi kimoja kwa siku. Kaa hivyo wiki mbili, pima. Ikiwa kilo hazijapanda, ongeza tena kidogo, mpaka uone zimetulia. Baada ya hapo pima mara moja kwa mwezi, uzito na kiuno. Zikirudi kilo mbili, rudi saa 14 kwa wiki nne bila kungoja ziwe kumi, na mwenye dawa za presha au kisukari apite kliniki dozi ikaangaliwe tena.